Uongozi wa Shule za Kujitegemea katika Nchi ya Wakikuyu, 1929–1952

Shule yo yote inahitaji mambo matatu: mahali pa kufundishia, mtu wa kufundisha, na mtu wa kuamua lipi lifundishwe na nani afundishe. Mambo mawili ya kwanza huonekana kwa macho. La tatu halionekani, nalo ndilo huleta ugomvi. Historia ya shule za kujitegemea za Wakikuyu wa Kenya, ambazo zilienea baada ya mwaka wa 1929 na kuanza kufungwa mwaka wa 1952, ni historia ya jambo hilo la tatu. Wataalamu wameiandika kwa namna mbalimbali, na hukumu zao hazipatani. Yafaa basi habari zenyewe zitangulie, kisha hukumu hizo zipimwe.

Tangu mwanzo wa karne ya ishirini elimu ya Waafrika katika nchi ya Wakikuyu ilikuwa mikononi mwa wamisionari. Wamisionari wa Kanisa la Scotland walikaa Thogoto na Tumutumu, wale wa African Inland Mission walikaa Kijabe, na wa Church Missionary Society walikuwa na vituo vyao Kabete, Kahuhia na kwingineko. Kutoka katika vituo hivyo zilitoka shule ndogo ndogo za vijijini. Mara nyingi wanakijiji ndio waliotoa ardhi, wakakata miti, wakasimamisha kuta na kuezeka paa. Lakini mwalimu alikuwa wa misheni, na amri ilikuwa ya misheni. Maadamu pande mbili zilipatana, hapana aliyeuliza shule ni ya nani. Hata hivyo, kabla ya mwaka wa 1929 palikuwa tayari na watu wachache waliokwisha kuanzisha shule zao wenyewe, kama vile wale wa Gituamba katika wilaya ya Murang'a.

Swali hilo lilizuka wazi mwaka wa 1929. Misheni kadhaa, na hasa ile ya Kanisa la Scotland chini ya Dr. John Arthur, zilikaza kupiga marufuku tohara ya wasichana, zikawataka waalimu na waumini watie sahihi au alama ya dole gumba kuikana desturi hiyo. Waliotia alama waliitwa Kirore, kwa sababu ya alama yenyewe. Waliokataa walijulikana kwa jina la Karing'a, maana yake walio safi, wasiochanganyika. Kwa muda wa miezi michache maelfu ya watu walitoka katika makanisa, na watoto wao wakatoka katika shule. Yafaa kukumbuka kwamba wazazi hao hawakuikataa elimu. Waliikataa sharti iliyofungwa pamoja nayo. Mtoto aliyekuwa akisoma kitabu cha pili alibaki nyumbani na kitabu chake, na baba yake akabaki na swali: Je, atasoma wapi?

Jibu lilitolewa na wazee. Katika kila mahali palipokuwa na watoto wa kutosha, iliundwa halmashauri ya wazazi. Halmashauri hiyo ilitafuta kiwanja, ikatoza mchango kwa kila nyumba, ikamwajiri mwalimu na kumlipa mshahara. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba hivyo vya senti na shilingi ndivyo vilivyojenga madarasa. Wengi wa wazee hao hawakujua kusoma. Mwalimu naye mara nyingi alikuwa kijana aliyesoma miaka michache tu katika misheni ile ile iliyoachwa. Hapo palizaliwa namna mpya ya uongozi: asiyejua kusoma alimsimamia ajuaye, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa. Fedha za mchango ziliandikwa katika daftari, na daftari ilisomwa mbele ya mkutano. Pale ambapo hesabu haikueleweka, ugomvi ulizuka. Pale ilipoeleweka, shule ilisimama.

Katika miaka ya 1930 halmashauri hizo ziliungana katika vyama viwili vikubwa. Cha kwanza kilikuwa Kikuyu Independent Schools Association, kilichojulikana kwa ufupi KISA, ambacho nguvu yake ilikuwa zaidi Murang'a na Nyeri, na rais wake alikuwa Johana Kunyiha. Cha pili kilikuwa Kikuyu Karing'a Educational Association, chenye nguvu zaidi Kiambu. Vyama hivi havikutofautiana katika kutaka elimu, bali katika namna ya kuilinda. Viongozi wa KISA waliona kwamba shule isiyotambuliwa na serikali haitawafaa watoto wakati wa mitihani. Kwa hiyo mwaka wa 1936 walipatana na Idara ya Elimu kufuata mtaala wake na kuwakubali wakaguzi wake. Watu wa Karing'a waliona kwamba akubaliye mkaguzi leo atapewa msimamizi kesho, nao wakakaa mbali zaidi na serikali. Kila upande ulikuwa na hoja yenye uzito. Wa kwanza walitaka kibali ili watoto wasonge mbele. Wa pili walitaka uhuru ili shule isirudi ilikotoka.

Palikuwa na haja nyingine pia. Shule za misheni zilikuwa na makanisa, na wazazi walitaka watoto wao wabatizwe. Hapakuwa na kasisi wa kuwabatiza. Basi viongozi wa KISA walimwalika Askofu Daniel William Alexander wa African Orthodox Church, aliyekuwa Afrika ya Kusini. Alifika Kenya mwaka wa 1935, akafundisha vijana wa kazi ya ukasisi, akawaweka katika daraja, akaondoka mwaka wa 1937. Baada yake wafuasi waligawanyika: wengi wa KISA walishika African Independent Pentecostal Church, na watu wa Karing'a walishika Orthodox, chini ya kasisi Arthur Gatung'u Gathuna. Hivyo pamoja na mzee wa halmashauri alitokea kiongozi wa pili, naye ni kasisi. Mkutano uliokuwa ukizungumza juu ya mabati na mishahara sasa ulizungumza pia juu ya sakramenti.

Jambo jingine lililoonyesha nia ya wazazi ni lugha. Siasa ya elimu ya serikali ilitaka mtoto aanze kwa lugha ya kwao, na Kiswahili kilipewa nafasi kabla ya Kiingereza. Wazazi wa shule za kujitegemea walidai Kiingereza kifundishwe mapema. Mtu apendaye Kiswahili huenda akasikitika kusikia kwamba lugha hii ilionwa na wengi wao kuwa ukuta wa kuwazuilia njia. Lakini sababu yao yafahamika. Sheria, barua za ofisi na vitabu vya elimu ya juu vilikuwa kwa Kiingereza, nao waliamini kwamba kumchelewesha mtoto katika lugha hiyo ni kumchelewesha katika kila jambo.

Mabadiliko makubwa ya uongozi yalikuja mwaka wa 1939. Mwaka uliotangulia Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu, alikuwa amerudi kutoka ng'ambo. Alikuwa amesoma Hampton na Ohio Wesleyan huko Marekani, akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alikuta shule nyingi zisizo na waalimu waliofundishwa. Januari 1939 kilifunguliwa chuo cha waalimu Githunguri, katika Kiambu, kwa jina la Kenya African Teachers' College. Fedha zilikusanywa kwa njia ya kale: kila rika lilichanga kwa jina lake, na rika moja likashindana na jingine lisije likaaibika. Wanawake nao walikusanya fedha zao kwa ajili ya bweni la wasichana. Hivyo desturi ya marika, ambayo wageni waliidhani kuwa mambo ya zamani tu, ndiyo iliyosimamisha jengo la mawe.

Walakini Githunguri hakikuwa kama shule ya kijiji. Halmashauri ya wazee ingeweza kumhesabia mwalimu wake siku za kazi na kumkata mshahara; haikuweza kumsahihisha mtu mwenye shahada ya Columbia katika mambo ya mafunzo. Jomo Kenyatta alirudi kutoka Uingereza Septemba 1946. Mwaka wa 1947 alishika uongozi wa chuo, na mwaka huo huo akawa rais wa chama cha siasa, Kenya African Union. Tangu hapo waliokuja Githunguri walikuja kwa haja mbili, ya elimu na ya siasa, na si rahisi kusema ipi iliyotangulia. Wakati huo huo chuo kilijaa wanafunzi wa kila daraja, na fedha zilikuwa haba. Penye wengi pana mengi: jina la chuo lilivuma kote nchini, na waalimu wakangojea mishahara.

Mwaka wa 1949 ilitolewa ripoti ya elimu ya Waafrika iliyoandikwa na halmashauri ya Leonard Beecher, aliyekuwa mwarkidiakono wa Kanisa la Uingereza. Ripoti hiyo ilitaka miaka minne ya kwanza ya masomo ifuatwe na mchujo, na usimamizi wa shule ukazwe. Wazazi waliona kwamba wengi wa watoto wao wangeishia katika mwaka wa nne, na kwamba uongozi walioutoa mikononi mwa misheni mwaka wa 1929 ungerudi kwa mlango mwingine. Upinzani ulikuwa mkali. Kabla haujatulia, Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Serikali ilizifunga shule za KISA na Karing'a kwa mafungu, ikisema zimekuwa pahali pa kulea Mau Mau. Chache zilifunguliwa tena chini ya halmashauri za elimu za wilaya. Githunguri kilifungwa kabisa, na mahali pake pakawa pa kuwafunga na kuwanyonga watu. Shule zilizopatana na serikali mwaka wa 1936 na zile zilizokataa zilipata hukumu moja.

Sasa yaweza kutazamwa maneno ya wataalamu. F. D. Corfield, katika ripoti aliyoiandikia serikali mwaka wa 1960, alizitazama shule hizi kama chombo cha wanasiasa. F. B. Welbourn, katika kitabu chake cha mwaka wa 1961, alizitazama kwa upande wa kanisa, kama watu waliotaka kumwabudu Mungu bila ya kutawaliwa na mmisionari. Carl Rosberg na John Nottingham, mwaka wa 1966, waliziona kuwa hatua katika kukua kwa utaifa. John Anderson, mwaka wa 1970, alikaza kiu ya elimu yenyewe na juhudi za watu wa vijijini.

Hukumu hizi zatofautiana kwa kuwa kila mmoja alimtazama kiongozi mwingine. Corfield alimtazama mwanasiasa wa Githunguri, Welbourn alimtazama kasisi, Rosberg na Nottingham walilitazama jukwaa la mkutano, na Anderson aliitazama halmashauri ya kijiji. Wote walikuwapo. Lakini hawakuwapo kwa wakati mmoja tangu mwanzo, wala hawakuwa na uzito sawa. Mzee wa halmashauri alitangulia wote, na kila aliyekuja baadaye alisimama juu ya mchango wake. Kosa la Corfield si kwamba aliiona siasa mahali pasipokuwa na siasa, siasa ilikuwapo. Kosa lake ni kumchukua aliyefika mwisho kana kwamba ndiye aliyejenga.

Tena yapasa kusema kwamba mabadiliko ya uongozi yalikuwa na faida na hasara. Kasisi aliwapa watu kanisa, na aliyesoma ng'ambo aliwapa chuo. Mwanasiasa aliwapa sauti iliyosikika mbali. Lakini kila alipoingia kiongozi mkubwa zaidi, daftari ya mchango ilizidi kwenda mbali na macho ya mchangaji, na shule ilizidi kuonekana kwa serikali kuwa kitu cha kuogopwa. Watoto waliofungiwa milango mwaka wa 1952 hawakuwa wameulizwa juu ya lo lote kati ya mambo hayo.

Milango ilifungwa, lakini desturi haikufungwa. Kenya ilipopata madaraka mwaka wa 1963, na Kenyatta akatoa mwito wa Harambee, wanavijiji walianza mara moja kujenga shule za sekondari kwa michango yao, katika wilaya nyingi ambazo hazikuwahi kuwa na KISA wala Karing'a. Halmashauri ziliundwa, viwanja vikatafutwa, waalimu wakaajiriwa. Serikali mpya nayo iliona, kama ile ya zamani, kwamba shule hizo ni nyingi kuliko waalimu waliofundishwa, ikataka kuzisimamia. Swali lililoulizwa katika vijiji vya Murang'a na Kiambu mwaka wa 1929 liliulizwa tena, safari hii bila ya mmisionari: mwenye shule ni yule anayeitawala, au ni yule aliyeijenga?