Kabla ya Risasi ya Kwanza: Magazini za Rashasha Mpakani Ruvuma

Ilipotimia miaka 60, tarehe 25 Septemba 2024, tangu wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, waliposhambulia kituo cha utawala wa Kireno cha Chai katika jimbo la Cabo Delgado, ulirejea ule ubishi usiokosa kurejea kila kumbukumbu hii inapofika: ni nani hasa aliyefyatua risasi ya kwanza, na je, ilikuwa ya kwanza kweli, au ilikuwapo nyingine kabla yake ambayo wenye kuandika taarikhi waliona heri ipitiwe kimya. Sina nia ya kuwaamua wabishani hao. Ila naona kwamba wote, hawa na wale, wanaanzia mahali palipochelewa, kwa kuwa risasi kabla haijafyatuliwa sharti ipandishwe, na kazi hiyo ya kuipandisha, ambayo hufanywa na kijisanduku cha bati chenye kamani ndani yake, ndiyo iliyowahangaisha wenye bunduki za rashasha tangu silaha hizo zilipobuniwa.

Mgeni afikaye Naliendele, mwendo mfupi kutoka mjini Mtwara kwa barabara ya Newala, aghalabu huja kwa ajili ya kituo cha utafiti wa kilimo, ambacho mkulima wa korosho, karanga na ufuta anakijua hata kama hajapata kukiona kwa macho. Walakini papo hapo Naliendele pana makaburi ya mashujaa, walikozikwa askari wa Jeshi la Wananchi waliopoteza maisha katika ardhi ya Msumbiji. Heshima wanayopewa ni stahili yao. Lakini kijana atakayesimama mbele ya makaburi yale na kuuliza kwamba watu wa mpaka huu, wa ng'ambo na wa huku, walianza kupigana kwa silaha gani, na silaha hizo zilikuwa na ila gani, sioni ataelekezwa wapi.

Kwanza tuondoe utata mmoja. Magazeti yetu yanapoandika kwamba polisi wamekamata bunduki aina ya SMG, aghalabu inayokusudiwa ni Kalashnikov au nakala yake ya Kichina, ambayo Wachina wenyewe waliiorodhesha kwa jina hilo. Bunduki ninazozungumzia mimi ni za kizazi kilichotangulia, yaani zile rashasha fupi zitumiazo risasi ya bastola, zilizozaliwa katika Vita Kuu ya Kwanza na kuzagaa katika ile ya Pili, na ambazo zilipofika kwetu zilikuwa tayari ni mali kuukuu.

Katika zama za Mwingereza iliyojulikana zaidi ilikuwa Sten, iliyobuniwa mwaka 1941 na Reginald Shepherd na Harold Turpin, wakati Uingereza ilipokuwa haina fedha wala nafasi ya kutengeneza silaha za fahari. Askari wa King's African Rifles waliifahamu, na miongoni mwao walikuwamo wa vikosi vya Tanganyika vilivyopelekwa Kenya wakati wa Hali ya Hatari. Magazini yake huchukua risasi 32 katika safu mbili zinazopishana, na safu hizo zikifika juu hubanwa zikawa moja, hata risasi zikasuguana na kugombea njia; punje za mchanga zikiingia hapo, au midomo miwili ya bati inayoizuia risasi isiruke ikipinda kidogo tu kwa kuangushwa, risasi hupanda kichwa chake kikiwa kimeinama au kimeinuka kupita kiasi, komeo huisukuma upogo, na bunduki hukwama. Askari wazoefu walikuwa na tiba mbili zisizohitaji fundi. Walijaza risasi 28 au 30, wakaacha nafasi ili kamani isichoshwe. Na hawakuishika bunduki kwa magazini, ingawa magazini ya Sten hutokeza ubavuni upande wa kushoto na kuushawishi mkono uishike, kwa sababu ikivutwa huku na huku hulegea katika tundu lake na risasi hupotewa na njia. George Patchett, aliyebuni Sterling iliyokuja kuirithi Sten mwaka 1953, aliyatazama maradhi haya kwa makini, akatengeneza magazini iliyopinda ya risasi 34, yenye vigurudumu vya kuzisukuma risasi pasipo msuguano mkubwa.

Lakini rashasha ambayo taarikhi ya mpaka huu wa mto Ruvuma haiwezi kuiruka ni ya Kirusi, PPSh-41, kazi ya Georgi Shpagin, iliyotengenezwa kwa idadi ya zaidi ya milioni 5 wakati wa vita dhidi ya Wajerumani, na ambayo Wachina waliiiga mwaka 1950. Kwa mikono ya mataifa hayo mawili, na kwa msaada wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, silaha za namna hii zikaelekea kusini. Na askari wa Kireno waliokutana na PPSh hiyo porini wakaibandika jina la fundi wa kike wa kushona, maana mlio wake masikioni mwao ulikuwa mlio wa cherehani.

Fahari ya bunduki hii, na balaa lake pia, ilikuwa magazini ya duara yenye kuchukua risasi 71, wazo ambalo Warusi walilitwaa kwa Wafini baada ya kuchapwa nalo katika vita vya majira ya baridi ya mwaka 1939 na 1940. Kuijaza haikuwa kazi ya mtu mwenye haraka: sharti kifuniko kifunguliwe, kamani izungushwe mpaka ikaze, risasi zisimamishwe moja moja katika njia zinazozunguka, kisha kamani iachiliwe taratibu na kifuniko kirudishwe; risasi moja ikiponyoka wakati wa kupangwa huangusha jirani zake, na moja ikiwa na bonde au kutu, zote zilizo nyuma yake hungoja. Fauka ya hayo, kiwandani kila duara ilirekebishwa ikubaliane na bunduki yake, ikatiwa namba, hivyo duara ya bunduki hii ikipachikwa kwenye ile haikuwa ajabu kukataa kuingia, au kuingia na kukaa vibaya. Na bunduki yenyewe haikuwa na subira, kwani hutema risasi takriban 900 kwa dakika, ndizo 15 kwa sekunde; kamani iliyochoka, isiyoweza kuiinua risasi inayofuata kabla komeo halijarudi, huumbuka mara moja. Iko ila nyingine tena, isiyohusu kukwama, ambayo kwa mtu anayenyemelea usiku ilikuwa mbaya kuliko zote: risasi zilizomo ndani ya duara hugongana mtu atembeapo, zikasikika kwa adui.

Mwaka 1942 ikaja magazini iliyopinda ya risasi 35, nyepesi na rahisi kubebwa. Bati lake la awali lilikuwa na unene wa nusu milimita, likawa laini mno, midomo ikapinda kwa jambo dogo, na baadaye unene ukaongezwa ukawa milimita moja. Ukiniuliza mimi, hiyo nusu milimita ya nyongeza ina haki ya kutajwa katika taarikhi ya ukombozi kuliko baadhi ya wajumbe waliotajwa kwa majina yao yote matatu.

Sasa turudi Chai. Simulizi linalotegemewa na wengi, nami nalitegemea, ni la Alberto Chipande, aliyeongoza shambulio lile, lililomo katika kitabu cha kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, juu ya mapambano ya Msumbiji, kilichotoka mwaka 1969, mwaka uleule ambao Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa katika kifurushi, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari. Kwa mujibu wa Chipande, kikundi chake kiliingia Cabo Delgado mwezi Agosti 1964 kikiwa na silaha chache zenye asili ya nchi mbalimbali, kikasafiri kwa kujificha, kwa njaa na kwa miguu iliyochubuka. Na taabu ikazidi kwa kuwa watu wa kundi jingine walikuwa wamemuua padri Mholanzi, Daniel Boormans, na Wareno wakawa macho katika kila njia. Amri ya kuanza vita ilipomfikia alikwenda Chai, akatuma mtu kupeleleza kwa hila, na usiku wa tarehe 25 Septemba akamnyemelea mlinzi wa nyumba ya mkuu wa kituo mpaka akawa karibu naye sana, akamfyatulia, na mlio huo ndio uliokuwa ishara kwa wenzake. Mkuu wa kituo, asema Chipande, alipofungua mlango akatoka, naye akauawa. Kisha wakatoweka, na waliowafuatia siku ya pili hawakuwapata.

Wareno hawakuikubali hesabu hiyo ya waliokufa. Wako pia wenye kushikilia kwamba damu ya padri ndiyo iliyoanzisha vita, hata kama aliyeimwaga hakuwa FRELIMO, na wako wanaokumbusha kwamba usiku ule haukuwa wa Chai peke yake. Na waendelee. Mimi nisomapo simulizi lile jicho langu huenda penginepo, kwenye hayo maneno machache kuhusu silaha za asili mbalimbali, kwa maana silaha za asili mbalimbali ni risasi za vipimo mbalimbali na magazini zisizoingiliana, na mpiganaji ambaye magazini yake imekataa hawezi kumwomba mwenzake aliye ubavuni pake, hata kama mwenzake huyo anazo tatu. Nautazama tena mpango wenyewe: kukaribia mpaka pua na pua, ishara ya mlio mmoja, mapigano mafupi, kisha kurudi msituni, na makisio yangu ni kwamba huo ni mpango wa watu walioijua silaha yao, wasiotaka kuikabidhi roho zao kwa saa nzima. Na ikumbukwe kwamba katika nyingi ya rashasha hizi komeo hukaa nyuma, wala hakuna risasi inayongoja ndani ya kasiba. Mtu avutapo kifyatuo ndipo komeo linapokwenda mbele na kuichukua risasi katika midomo ya magazini. Kwa hiyo hata hiyo ya kwanza, inayogombewa kwa miaka 60, ikiwa ilitoka katika rashasha, ilikuwa mateka wa kamani kama zile zilizoifuata.

Baada ya Chai silaha ziliongezeka, na mzigo ukavuka Ruvuma kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu; wanawake, waliokuja kuwa na kikosi chao mwaka 1967, walibeba risasi kwa mwendo mrefu kutoka mpakani hadi ndani ya Cabo Delgado. Ajuaye nchi hii ataona mara moja ugumu wa jambo: masika yana unyevu uletao kutu katika kamani, na kiangazi kina mchanga wa mtoni usiobaki mtoni. Magazini ikipakwa mafuta mengi hunasa mchanga, isipopakwa kabisa hukaribisha kutu, na baina ya hayo mawili hapana kipimo ila mkono wa mtu aliyezoea, afutaye kila jioni, atazamaye midomo kama imelingana, na ambaye bunduki inapokwama huijaribu kwanza kwa magazini nyingine ili ajue mgonjwa ni nani kati ya hizo mbili. Watu wa mikono hiyo hawamo katika picha za kumbukumbu.

Yaliyofuata yanajulikana. Mbunifu wa silaha wa Kirusi, Alexei Sudayev, alikuwa amekwisha kuonyesha, katika Leningrad iliyozingirwa, kwamba magazini isiyobana safu mbili ziwe moja huondoa sehemu kubwa ya maradhi, na Kalashnikov ilipokuja ilikuwa na magazini ya namna hiyo. Ilipozagaa, rashasha kuukuu zikabaki kwa walinzi na wanafunzi. Mkataba wa Lusaka ukatiwa saini tarehe 7 Septemba 1974, uhuru ukafika tarehe 25 Juni 1975, na miaka ya 1980 askari wetu wakavuka kupambana na waasi wa RENAMO.

Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa juhudi za Askofu Dinis Sengulane, likaanzisha mpango wa kukusanya silaha na kuwapa wenye kuzisalimisha majembe, cherehani na baiskeli. Wasanii wa Maputo wakavikata na kuviunga vyuma hivyo, na kiti cha enzi alichokiunda Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, mwaka 2001, leo ni mali ya British Museum huko London. Mpango ule ulikuwa wa kheri. Hata hivyo ni fedheha kwamba mtoto wa London anaweza kupelekwa na mwalimu wake akaone kwa macho vyuma vya vita vya Msumbiji, ilhali wa Mtwara, ambaye babu yake huenda aliwavusha waliovibeba, husimuliwa hotuba. Serikali yetu inao mpango wa urithi wa ukombozi wa Afrika, na maeneo yamekuwa yakiorodheshwa. Vyombo vyenyewe, naona, bado havijapata mtetezi.

Ikiwa itatokea siku baadhi ya bunduki hizo zikaletwa zikae karibu na makaburi ya Naliendele, zikiwa zimekwisha kunyang'anywa uwezo wa kudhuru kama sheria itakavyo, ombi langu kwa watakaoziandikisha daftarini ni moja: wasitie magazini katika sanduku hili na bunduki katika lile, bali wasome namba iliyochorwa juu ya duara na iliyo juu ya bunduki, waziandike zote mbili, na zisipolingana wasizisahihishe, kwa sababu huenda mtu mmoja, mahali fulani kati ya Ruvuma na mji wa Mueda, alilazimika kuazima.