Maombolezo ya Phillip Hughes

Maombolezo ya Phillip Hughes yalifanyika nchini Australia na katika nchi nyingine zinazocheza kriketi kuanzia tarehe 27 Novemba 2014. Siku hiyo mchezaji huyo wa timu ya taifa ya Australia alifariki dunia, siku mbili baada ya kupigwa na mpira shingoni akiwa uwanjani. Alikuwa na umri wa miaka 25. Maombolezo hayo yanakumbukwa kwa desturi mbili: kuweka gongo la kriketi nje ya mlango wa nyumba, na kuiheshimu namba 63, yaani idadi ya mikimbio aliyokuwa amepata Hughes alipoanguka. Yanakumbukwa pia kwa sababu mashabiki walimhurumia mrushaji wa mpira ule badala ya kumlaumu.

Maisha yake

Phillip Joel Hughes alizaliwa tarehe 30 Novemba 1988 katika mji mdogo wa Macksville, jimbo la New South Wales. Baba yake alikuwa mkulima wa ndizi. Hughes alikuwa mpigaji wa mkono wa kushoto, na kazi yake ilikuwa kufungua zamu ya timu, yaani kukabili mipira ya kwanza ambayo huwa migumu kuliko yote.

Alianza kucheza mechi za Test, ambazo ni mechi za kimataifa za siku tano, mwezi Februari 2009 dhidi ya Afrika Kusini mjini Johannesburg. Katika mechi yake ya pili, mjini Durban, alipata mikimbio 115 katika zamu ya kwanza na 160 katika zamu ya pili. Akiwa na miaka 20 tu, akawa mchezaji mdogo kuliko wote kupita mikimbio 100 katika zamu zote mbili za mechi moja ya Test. Januari 2013 akawa Mwaustralia wa kwanza kupata mikimbio 100 katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja kwa wanaume.

Hata hivyo nafasi yake katika timu ya taifa haikuwa imara. Aliachwa na kurudishwa mara kadhaa, na kwa jumla alicheza mechi 26 za Test. Upigaji wake haukufuata kanuni za vitabuni, na alijulikana kwa unyenyekevu na kwa mapenzi yake ya kufuga ng'ombe. Watu wa kawaida walimwona kuwa kijana wa shamba aliyefika mbali kwa bidii. Alipofariki, wengi walikuwa wakitarajia arudishwe kikosini wiki hiyohiyo.

Ajali na kifo

Tarehe 25 Novemba 2014 Hughes aliichezea South Australia dhidi ya New South Wales katika mashindano ya Sheffield Shield, kwenye uwanja wa Sydney Cricket Ground. Alikuwa amefikisha mikimbio 63 wakati mrushaji Sean Abbott alipomtupia mpira wa juu, yaani ule unaodundishwa mbali na mpigaji ili umfikie kifuani au kichwani. Mpira wa namna hiyo unaruhusiwa na sheria za mchezo na hurushwa katika karibu kila mechi kubwa. Hughes alijaribu kuupiga akaukosa, nao ukampata upande wa kushoto wa shingo, chini ya sikio, mahali ambapo helmeti yake haikufunika.

Pigo hilo lilijeruhi mmoja wa mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na damu ikavuja kuuzunguka ubongo. Ni jeraha la nadra sana. Alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya St Vincent's mjini Sydney, lakini hakupata fahamu tena. Alifariki siku tatu kabla ya kutimiza miaka 26.

Magongo mlangoni

Baada ya habari za kifo kutangazwa, shabiki mmoja wa Sydney aliegemeza gongo lake nje ya mlango wa nyumba, akalipiga picha na kuisambaza kupitia Twitter, akiwaomba wengine wafanye vivyo hivyo. Ombi hilo lilienea upesi. Magongo yalionekana kwenye vibaraza, malango ya shule na viwanja vya vilabu, mengi yakiwa na kofia juu yake. Yalitoka Australia, Uingereza, India, New Zealand na kwingineko.

Wepesi wa tendo lenyewe ulilisaidia kuenea. Halikuhitaji fedha wala hotuba, na mtoto aliweza kulifanya sawa na mchezaji mashuhuri. Lilimpa nafasi ya kuomboleza mtu ambaye hakuwahi kukutana na marehemu, na ambaye asingeweza kufika msibani.

Namba 63 na namba 408

Rekodi ya mechi ile ilikuwa imeandika kwamba Hughes aliondoka uwanjani kwa kuumia. Chama cha kriketi cha Australia kiliibadilisha isomeke kuwa alipata mikimbio 63 bila kutolewa. Katika kriketi, mpigaji asiyetolewa hajashindwa. Zamu yake imekoma tu. Kwa hiyo mashabiki waliyapokea mabadiliko hayo kama heshima kubwa. Katika mechi za vilabu na za watoto zilizofuata, baadhi ya wapigaji waliacha kupiga kwa hiari walipofikisha 63.

Namba nyingine ni 408, kwa kuwa Hughes alikuwa mchezaji wa 408 kuiwakilisha Australia katika mechi za Test.

Mazishi na kurejea uwanjani

Mjini Sharjah, katika Falme za Kiarabu, mechi ya Test kati ya Pakistan na New Zealand ilisimamishwa kwa siku moja. Ilipoendelea, wachezaji wa New Zealand hawakusherehekea wiketi walizopata.

Mazishi yalifanyika tarehe 3 Desemba 2014 katika ukumbi wa shule ya sekondari ya Macksville, na kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Waliohudhuria walikuwa wengi kuliko wakazi wa mji wenyewe. Nahodha wa Australia, Michael Clarke, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na alitoa hotuba huku akizidiwa na machozi.

Mechi ya Test kati ya Australia na India iliyokuwa ianze Brisbane iliahirishwa. Mfululizo huo ulianzia Adelaide tarehe 9 Desemba. Namba 408 ilichorwa kwenye nyasi na kuwekwa kwenye jezi za wachezaji wa Australia. Watazamaji walipiga makofi kwa sekunde 63. Siku ya tatu Virat Kohli wa India alipigwa kwenye helmeti na mpira wa juu wa Mitchell Johnson, na mara moja wachezaji wa Australia wakamkimbilia kumjulia hali. Hakuumia. Australia ilishinda kwa mikimbio 48.

Sean Abbott

Abbott alikuwa na miaka 22 na hakuwa amevunja sheria yoyote. Tangu saa za kwanza mashabiki, wachezaji wa zamani na Clarke mwenyewe walimtumia salamu za kumtia moyo. Alihudhuria mazishi. Mwezi uleule wa Desemba alirudi kucheza katika uwanja uleule wa Sydney, akaangusha wiketi 6 za Queensland katika zamu moja, na watazamaji wakamshangilia.

Uchunguzi na usalama

Mwaka 2016 hakimu mchunguzi wa vifo wa New South Wales alisikiliza ushahidi wa wachezaji na wa familia. Familia ililalamikia wingi wa mipira ya juu na maneno makali waliyoamini yalitumika siku ile. Hakimu alihitimisha kwamba hakuna mtu wa kulaumiwa kwa kifo hicho, lakini akapendekeza sheria kuhusu mipira ya hatari ziangaliwe upya na kinga za shingo ziboreshwe.

Watengenezaji wa helmeti walianza kuuza kinga inayofungwa nyuma ya shingo. Tangu Oktoba 2023 wapigaji katika mechi kubwa za Australia wanalazimika kuivaa wanapokabili mipira ya kasi. Mpira wa juu wenyewe haukupigwa marufuku. Oktoba 2025 kijana wa miaka 17 alifariki mjini Melbourne baada ya kupigwa na mpira shingoni akiwa mazoezini, na magongo yakawekwa tena milangoni.

Kumbukumbu

Mwaka 2017 daraja jipya la barabara kuu karibu na Macksville, juu ya mto Nambucca, lilipewa jina la Phillip Hughes.