Paa la Mkunazini

Wageni wanaokuja kwenye kanisa la Mkunazini, Unguja, huanzia chini. Mtembezaji huwashusha kwenye vyumba vya chini ya jengo la Mtakatifu Monica, wakainama kwa sababu dari ni fupi, wakaonyeshwa minyororo, wakatoka hawasemi neno. Kanisani hupita kwa dakika chache tu: picha ya altare, picha ya madirisha, basi. Mimi ni mwashi wa chokaa, kazi niliyorithishwa na mjomba wangu kwenye nyumba za Mji Mkongwe, na kila nikiwaona hao wageni nasema moyoni, jamani, inueni vichwa. Mambo yako juu.

Husemwa kuwa watumwa walifungiwa katika vyumba hivyo kabla ya kuuzwa, lakini wanahistoria wengi wanatilia shaka, kwani jengo lililo juu yake ni la misheni, nalo lilijengwa baada ya soko la watumwa lililokuwa hapo kufungwa. Hilo halipunguzi hata chembe ya dhuluma iliyofanyika mahali pale. Watu waliuzwa hapo kweli, tena uwanjani, mbele ya kila apitaye. Juni 1873, baada ya Waingereza kutishia kuizingira Unguja kwa manowari, Sultani Barghash bin Said alikubali mkataba na soko likafungwa. Uwanja ukaingia mikononi mwa misheni ya Kianglikana ya UMCA: sehemu kubwa ilinunuliwa na mmisionari Arthur West, na kipande kingine kikatolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Kanisa la Waanglikana, ardhi ya Mhindi, nchi ya Sultani wa Kiislamu. Unguja ndivyo ilivyo, na mimi Mwislamu ninayelisifia kanisa hili sioni ajabu yoyote.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, aliyepewa uaskofu mwaka 1874. Wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa kitabu chake cha sarufi cha 1870 na kwa hadithi alizozikusanya kwa watu wa hapa. Sisi waashi tunamjua kwa paa.

Ili uelewe ukubwa wa jambo lenyewe, ingia kwanza nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe, utazame chumba. Kitakuwa kirefu, lakini upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu au tatu. Kisa ni boriti. Dari zetu zinabebwa na boriti za mikoko, na mkoko hauvuki zaidi ya hapo bila kupinda. Tajiri aliongeza urefu wa chumba, akaongeza ghorofa, akanakshi mlango. Upana ulikuwa wa mkoko. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, kisha humwagwa zege la chokaa na kokoto, na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu zege lile halikauki likawa gumu lenyewe. Linapigiliwa. Watu hukaa safu, kila mmoja na kipigilio chake cha mti, wakapiga kwa kufuata wimbo siku baada ya siku, mpaka maji yapande juu na sakafu ianze kung'aa. Mjomba alikuwa na sikio la ajabu kwenye kazi hiyo. Akisimama ngazini aliweza kukuambia pembe ipi haijapigiliwa vya kutosha, kwa mlio tu.

Sasa rudi Mkunazini, usimame katikati ya kanisa. Upana wa paa umezidi futi 28, yaani takriban mita nane na nusu, na hakuna boriti hata moja. Hakuna nguzo katikati. Ni tao moja refu, kama nusu ya pipa lililopasuliwa kwa urefu, limeanzia ukuta huu likaishia ukuta wa pili. Matumbawe yalipondwa, yakachanganywa na saruji ya Portland iliyoletwa kwa meli, yakamwagwa. Jiwe la bahari yetu na unga wa kiwanda cha Ulaya, wakati ambapo hata huko kwao zege la namna hiyo lilikuwa bado jambo geni. Watu walisema litaanguka. Kwa akili ya ujenzi wa hapa hawakukosea kusema hivyo: tao halikai kimya, linasukuma kuta nje usiku na mchana, na kuta zisipokuwa nene na nzito zinafunguka. Kazi hiyo inataka mbao za tao chini yake, zilizopimwa barabara, na fundi asiye na haraka ya kuzitoa. Na Steere hakuwa mhandisi, alisomea sheria. Lakini alishinda pale kazini mwenyewe, na miaka ya 1870 haijaisha paa limefunika. Halijaanguka mpaka leo.

Ukiingia kwa mlango mkuu utaona nguzo ambazo watembezaji hawazisahau kamwe, maana zinawachekesha wageni. Zimesimamishwa juu chini. Inasimuliwa kuwa Steere alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha walivyoona, na aliporudi akaziacha. Mimi sicheki. Fundi aliyelelewa kwenye kuta za mawe na boriti, aliyezoea nguzo nene za mraba za barazani, atajuaje kwamba nguzo nyembamba ya Kizungu ina kichwa na miguu? Uzito unashuka vilevile. Nimezikagua kwa karibu na sikuona ufa uliotokana na kugeuzwa kwake. Hiyo ndiyo saini pekee ya mafundi ndani ya jengo zima, kwa kuwa majina yao hayakuandikwa ukutani. La Steere lipo: alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare, chini ya paa lake.

Mengine nayataja upesi kwa kuwa kila mtembezaji anayo. Kuna duara la marumaru mbele ya altare, panaposemekana kuwa mahali pa mti wa kuchapia watumwa. Kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa chini ya mti huo. Na nje kuna watu watano wa zege shimoni, wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs ya miaka ya 1990. Huo mnara wa kumbukumbu naupenda kuliko vyumba vya chini. Haudai kuwa kitu kingine.

Na saa ya mnara wa kanisa? Wanasimulia kwamba Sultani Barghash aliitoa zawadi kwa sharti mnara usiipite nyumba yake kwa urefu. Nyumba yake ya fahari, Beit al-Ajaib, ilijengwa mwaka 1883 kwa nguzo za chuma za kuagizwa, na ilipita salama hata kwenye mizinga ya Waingereza ya 1896. Desemba 25, 2020 upande wake mmoja ukaporomoka, na watu wawili wakafa. Tulikwenda kuangalia kifusi kutoka mbali, waashi wazee na vijana, na hakuna aliyekuwa na la kusema.

Kanisa nalo lilishakuwa na nyufa na maji, likatengenezwa katika mradi wa World Monuments Fund uliomalizika 2016 kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya. Adui wa majengo haya ni ukarabati wa haraka. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na kuutoa. Ukiuvisha plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inakusanyika, na baada ya misimu michache ya masika plasta inabanduka na kipande cha ukuta. Vijana wananiambia mbona paa la Steere lina saruji. Ndiyo, ila ile ilichanganywa na matumbawe kuwa kitu kimoja tangu mwanzo, haikupakwa juu ya ukuta uliokuwa ukipumua miaka mia. Wengine wananielewa. Wengine wanataka kumaliza Ijumaa wapokee chao, na chokaa nzuri inataka kulala shimoni miezi kabla hujaigusa.

Kwa anayekwenda, ushauri wangu ni huu: vyumba vya chini viwe vya mwisho. Ingia kanisani asubuhi, kabla makundi hayajafika, ukae benchi la katikati, ufuate kwa macho mstari ambapo ukuta unaanza kuinama kuwa paa. Kisha uhesabu mwenyewe zingehitajika boriti ngapi.