Poligrafu na swali linganishi

Magazeti huiita mashine ya kupima uongo, na msomaji wa Kayanga au Nkwenda, mkoani Kagera, huelewa kwamba ipo mashine inayosoma uongo kama kipimajoto kinavyosoma homa. Haipo. Anayehojiwa huzungushiwa mirija miwili ya kufuatilia pumzi, mmoja kifuani na mwingine tumboni, akavalishwa mkanda wa presha mkononi na vibati vya kupima jasho vidoleni. Grafu zinazotoka ni za mwili ulioshtuka. Sababu ya mshtuko haimo humo: huenda ni uongo, huenda ni aibu, huenda ni woga wa kutoaminiwa. Kwa hiyo nashikilia tuseme poligrafu, neno lisiloahidi kisichokuwapo.

Nchini Uingereza sheria ya 2007 iliruhusu kifaa hiki kitumike kufuatilia wafungwa wa makosa ya ngono waliotoka gerezani kwa masharti, na tangu 2014 kinatumika kote England na Wales kwa wale wenye hatari kubwa. Majibu yake hayapokelewi kama ushahidi dhidi ya mhusika katika kesi ya jinai. Humsaidia ofisa msimamizi kujua wapi aongeze macho. Sheria ya Kenya ya 2006 nayo inairuhusu mahakama kuamuru mkosaji hatari wa ngono asimamiwe kwa muda mrefu, ingawa usimamizi huo si kipimo cha poligrafu. Hapa kwetu Tanzania, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mtu mzima aliyebaka hafungwi chini ya miaka 30. Lakini waliofungwa kwa makosa yenye adhabu ndogo zaidi, kama shambulio la aibu, hurudi vijijini, na suala la kuwafuatilia ni letu pia.

Uzito wa kipimo uko kwenye maswali. Swali husika hugusa jambo linalotafutwa. Swali la kando halina uzito, mfano kama leo ni Jumanne. Mbinu ya zamani hulinganisha hayo mawili tu, nami naiona ya kuogopesha: nani hatashtuka akiulizwa kama amemshika mtoto, hata kama hajamgusa? Ndipo likaja swali linganishi, linalomtikisa hata asiye na kosa, ili mshtuko wake upimwe dhidi ya ule wa swali husika. Lina namna mbili. Katika uongo wa kukisiwa, mpimaji huuliza, tuseme, “Umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini?” akitarajia mhojiwa akane huku moyo ukimsuta. Katika uongo wa kuagizwa, mhojiwa huambiwa waziwazi ajibu “hapana” kwa swali ambalo wote wawili wanajua jibu lake ni “ndiyo”. Ipo pia mbinu ya taarifa iliyofichwa, aliyoieleza mwanasaikolojia David Lykken mwaka 1959, lakini hiyo hudai tukio linalojulikana, lenye undani wanaoujua mtendaji na wachunguzi tu. Katika ufuatiliaji hakuna tukio lililoripotiwa. Tunauliza kama lipo.

Kwa mtu anayefikiri kwa Kinyambo, lugha ya Kagera, na kuulizwa kwa Kiswahili, pengine kupitia mkalimani, ningechagua uongo wa kuagizwa. Ule wa kukisiwa unategemea hila ya maneno, na hila haivuki salama kutoka lugha moja hadi nyingine.

Swali husika nalo linahitaji mkono makini. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekubali katika hukumu zake kwamba shahidi anaweza kutumia maneno ya staha, kwa kuwa mila, umri na wasikilizaji humzuia kutaja viungo. Mtoto akisema “alinifanyia tabia mbaya”, mahakama hutazama mazingira ya shauri. Staha hiyo ni haki ya mtoto. Katika swali la poligrafu ingekuwa mlango wa nyuma, maana mkosaji atajiambia alichofanya hakikuwa tabia mbaya.

Chukua swali hili: “Umekaa peke yako na mtoto?” Kijijini Kyerwa, mtoto hutumwa jirani kuomba moto au chumvi, na mwingine hupita migombani na ndoo ya maji. Kila mtu atajibu “ndiyo”. Tena “mtoto” kwa mzazi ni hata kijana wa miaka 30. Afadhali: “Tangu Januari, umemwingiza nyumbani kwako mtoto aliye chini ya miaka 18 pasipo mtu mzima mwingine?” Kuna tendo moja, muda, umri na mahali.

Hata swali likinyooka, ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya 2003 ilionya kwamba usahihi hushuka kipimo kinapotumika kuchekecha watu badala ya kuchunguza tukio mahususi. Kwa hiyo fomu ya matokeo isiandikwe “amedanganya” wala “amesema kweli”. Iandikwe “mwitikio mkubwa”, “hakuna mwitikio mkubwa” au “haikuamulika”, na chini yake litajwe swali lenyewe neno kwa neno, kwa lugha aliyoulizwa.