Ukomo wa ubanaji data katika kanda za nakala rudufu

Kiwango ambacho kiendeshi cha kanda hakiwezi kukivuka kinapobana data. Kanda ya LTO-6 hubeba terabaiti 2.5 bila ubanaji; zile 6.25 zinazotangazwa ni makadirio ya data inayobanika kwa urahisi, kama maandishi. Video nyingi huwa zimeshabanwa, hivyo kiendeshi hakizipunguzi tena. Arusha jambo hili ni zito: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofungwa 2015, iliacha rekodi za sauti na video za ushahidi wa mauaji ya kimbari, hazina isiyoweza kurekodiwa mara ya pili, inayotunzwa eneo la Lakilaki. Kanda ikijaa mapema, fundi apime kwanza ukubwa halisi wa mafaili kabla ya kushuku kichwa cha kiendeshi. Usimbaji wa siri uachiwe kiendeshi, kwani hubana kwanza kisha husimba. Data iliyokwisha kusimbwa haibanwi.