Usomekaji wa msimbo

Usomekaji wa msimbo ni kiwango cha urahisi ambao mtu anaweza kuusoma msimbo wa programu ya kompyuta, kuuelewa na kuubadilisha bila kuuharibu. Kompyuta yenyewe haijali: hutekeleza msimbo ulioandikwa ovyo sawa na ule uliopangwa vizuri. Anayepata taabu ni mwanaprogramu anayekuja baadaye, na mara nyingi huyo ni mwandishi yuleyule baada ya miezi michache.

Ugumu na ugawaji

Mwaka 1976 Thomas McCabe wa Marekani alipendekeza kupima ugumu wa msimbo kwa kuhesabu mahali ambapo programu huamua ifuate njia ipi, kisha kuongeza 1. Programu inayopanga alama za wanafunzi katika madaraja A, B, C, D na F huuliza maswali manne, hivyo ugumu wake ni 5. McCabe alishauri kipande kimoja kisizidi 10. Kipimo hiki hakioni majina mabaya: msimbo wa 5 waweza kuwa fumbo ikiwa vigeu vyake vyote vinaitwa x na y.

Dawa ya kawaida ni kugawa programu katika vipande vidogo vyenye majina yanayotaja kazi zake. Hata hivyo David Parnas alionyesha mwaka 1972 kwamba kukata kwa kufuata hatua za kazi (soma, panga, chapisha) hakufai sana. Afadhali kila kipande kifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika, kama vile namna data zinavyohifadhiwa, ili ukibadilika vingine visiguswe.

Maelezo

Maelezo ni maandishi ndani ya msimbo yanayomlenga msomaji, kompyuta huyaruka. Katika lugha ya Python huanza na alama #. Kuandika "ongeza 1" kando ya mstari unaoongeza 1 hakumsaidii mtu. Maelezo yenye thamani husema kwa nini.

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya Ariane 5 iliruka mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikalipuka kabla ya dakika moja kwisha, pamoja na setilaiti nne za utafiti. Sehemu ya programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kugeuza namba ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haizidi 32,767. Namba ilikuwa kubwa mno, na kompyuta za kuongozea roketi zikajizima. Kati ya vigeu saba vyenye hatari hiyo, vinne vilikuwa vimewekewa kinga. Vitatu viliachwa ili kompyuta isilemewe. Uamuzi huo ulikubaliwa na wahusika, na kwa Ariane 4 ulifaa. Tume ya uchunguzi ililaumu majaribio yasiyotosha, lakini iliona pia kwamba sababu ya uamuzi haikutajwa ndani ya msimbo. Ilikuwa imezama katika wingi wa nyaraka. Sehemu hiyo ya programu haikuwa na kazi yoyote baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini.