Kutoka Mkate wa Msaada Hadi Sanduku la Akiba

 

Historia ya kikundi chetu katibu ameiandika vizuri katika kurasa zilizotangulia, na picha mmeziona. Mimi nimeombwa niandike juu ya imani na utumishi. Nimeona nieleze historia iliyo nyuma ya historia yetu, maana mtu anayekinga maji bombani asidhani yameanzia pale bombani. Yametoka mbali, na kuna watu walichimba mtaro.

Tena ninayo sababu. Mwaka huu wa kumi tumekuwa na mjadala mkali mikutanoni, na bado haujaisha. Wako wanaosema mfuko wa jamii ufutwe, mwisho wa mzunguko tugawane kila senti, na mwenye shida aombewe tu kanisani. Wako na wengine wanaosema kinyume chake, kwamba sisi ni watu wa Mungu, hivyo si haki kumdai mjane rejesho, asamehewe. Pande zote mbili zinataja jina la Mungu. Basi kabla hatujapiga kura, tuwaangalie waliotutangulia, tuone wao walifanyaje.

WAJANE WA YERUSALEMU

Tukianzia kwenye Biblia, katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma kwamba kanisa la kwanza kabisa lilipata manung'uniko. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wale akina mama wanyamaze wakasali. Wala hawakuacha mahubiri wakaenda kugawa chakula wenyewe. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, ndani yao akiwemo Stefano, wakawekewa mikono na kukabidhiwa kazi ile.

Kwa maneno mengine, kugawa chakula kwa haki kulihesabiwa kuwa kazi takatifu ya kuwekewa mikono. Mtunza hazina wetu anapohesabu fedha mbele ya watu wote, naye yuko katika kazi ya namna hiyo.

MKATE WA NJAA

Sasa twende Ujerumani, upande wa vilima viitwavyo Westerwald, karibu na mto Rhine. Tarehe 30 Machi 1818, katika kijiji cha Hamm, alizaliwa mtoto aliyeitwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Alikuwa wa 7 kati ya watoto 9. Mbali na shule ya kijijini, alifundishwa na mchungaji wa pale kwao. Akiwa na miaka 17 aliingia jeshini, lakini ugonjwa wa macho ukamtoa. Akaingia kazi ya serikali, na mwaka 1845 akawa meya wa Weyerbusch. Msidhani ni meya wa jiji mwenye mkufu shingoni. Alisimamia vijiji vya wakulima maskini, ni kama mtendaji wa kata wa kwetu.

Mwaka ule ule wa 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ulaya. Mwaka 1846 mavuno ya nafaka nayo yakawa mabaya. Ilipofika baridi ya mwaka 1846 kuingia 1847, njaa ikawa imebisha hodi kila nyumba.

Raiffeisen aliwakusanya wenye uwezo, wakachanga fedha, wakanunua nafaka, wakajenga tanuri la pamoja. Mkate ukaokwa na kuuzwa kwa bei nafuu, na asiyekuwa na fedha alipewa kwa mkopo, alipe atakapopata. Chama kile walikiita chama cha mkate.

Hapo jamani tusipite haraka. Mkate ule haukuwa wa bure. Mtu mwenye njaa aliaminiwa. Aliandikwa jina, akala, watoto wakala, naye akabaki na heshima yake kama mtu anayedaiwa na atakayelipa. Kudaiwa kwa upendo ni tofauti na kuwa ombaomba.

NG'OMBE NA WAKOPESHAJI

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld. Huko adui alikuwa mkopo wa riba kubwa. Mkulima akikopa fedha au ng'ombe kwa mkopeshaji, deni linazaa, ng'ombe anachukuliwa, mwisho na shamba linakwenda. Wenzangu, hadithi hii tunaijua bila kufundishwa. Hapa kwetu Tanzania mikopo ya namna hii imepewa jina la kausha damu, na si mmoja wala wawili kati yetu tulioona kochi na jiko la jirani vikibebwa mchana kweupe.

Mwaka 1849 Raiffeisen aliunda chama kingine. Watu 60 wenye mali walikubali kudhamini kwa mali zao zote, fedha zikapatikana, wakulima wakanunuliwa ng'ombe, nao wakalipa kidogo kidogo kwa miaka 5. Mkulima akabaki na ng'ombe wake.

Mwaka 1852 akahamia Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied. Mwaka 1854 akaanzisha chama cha hisani. Hiki kilitaka kufanya mambo mengi kwa pamoja: kulea watoto waliotupwa, kuwatafutia kazi waliotoka gerezani, kuweka maktaba, na kukopesha. Yote ni mambo mema, ya Kikristo kabisa.

Lakini baada ya miaka kadhaa wale wenye mali walianza kuchoka. Mtu anayetoa kila mwaka kwa ajili ya wengine, na yeye mwenyewe hana haja na chama, siku moja huamka na kusema imetosha. Wafadhili wetu wapendwa msinielewe vibaya, ninyi mmetushika mkono na hatusahau. Nasema tu tabia ya binadamu. Huruma peke yake ina pumzi fupi.

MWAKA 1864

Ndipo Raiffeisen akageuza mambo. Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kilifanywa chama cha akiba na mikopo ambacho mkopaji ndiye mwanachama. Hakukuwa tena na kundi la wanaotoa upande huu na kundi la wanaopokea upande ule. Mwaka 1866 alichapisha kitabu kuhusu vyama hivi, na mambo aliyoyashika ni haya:

Kwanza, chama kiwe cha eneo dogo, kijiji au parokia, ili watu wawe wanajuana tabia.

Pili, wote wadhaminiane. Mmoja akishindwa kulipa, wote wanaguswa mifukoni. Kwa hiyo kila mmoja anamwangalia mwenzake, wala si kwa umbeya bali kwa sababu mzigo ni wa wote.

Tatu, viongozi wafanye kazi bila mshahara. Mtunza hesabu tu ndiye apewe kifuta jasho.

Nne, faida isigawanywe yote. Iwekwe katika mfuko wa pamoja usiovunjwa, uwe kinga ya siku mbaya na wa kuwafaa watakaokuja baadaye.

Alikuwa Mprotestanti, na alisema wazi kwamba vyama hivi msingi wake ni upendo wa jirani kama Bwana alivyoagiza. Lakini angalieni alivyouvika upendo ule nguo za kazi: daftari, dhamana, tarehe ya kulipa, na mfuko usioguswa.

MACHO YA AMALIE

Sasa niseme habari ambayo mara nyingi inaachwa. Mwaka 1863 mke wa Raiffeisen, Emilie, alifariki. Yeye mwenyewe afya ilikuwa imeharibika na macho yamekaribia kuzima. Mwaka 1865 alistaafu akiwa na miaka 47. Pensheni haikutosha, ikambidi aendeshe kiwanda kidogo cha sigara, na baadaye biashara ya mvinyo, ili nyumba ipate kula.

Basi kile kitabu mtu asiyeona vizuri alikiandikaje? Barua za vyama alizijibuje? Aliyekuwa macho yake ni Amalie, binti yake mkubwa, aliyezaliwa 1846, mwaka uleule njaa ilipoanza. Yeye ndiye aliyemsomea, ndiye aliyeandika baba alichotamka. Hakuolewa. Aliitoa miaka yake katika kazi ile hadi baba yake alipofariki tarehe 11 Machi 1888. Jina la Raiffeisen limeandikwa kwenye mabenki ya Ulaya mpaka leo. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Amalie.

Makatibu wetu, ninyi mnaorudi nyumbani usiku na madaftari kwapani wakati wengine tumeshalala, habari hii ni yenu.

MBEGU INASAFIRI

Mbegu ile haikubaki Ujerumani. Katika mji wa Lévis, jimbo la Quebec nchini Kanada, Mkatoliki mmoja aitwaye Alphonse Desjardins alisoma habari za vyama vya Ulaya, akaanzisha chama chake mwezi Desemba 1900. Siku ya kwanza ya kupokea akiba, tarehe 23 Januari 1901, zilipatikana dola 26 na senti 40. Ofisi ilikuwa nyumbani kwake. Na kwa kuwa yeye alikuwa na kazi bungeni Ottawa, mbali na nyumbani, aliyeshika shughuli za chama ni mkewe, Dorimène, huku akilea watoto. Mnaona? Hapa tena yupo mama nyuma ya daftari.

Vyama vya akina mama vya kuweka akiba sandukuni, vya namna ya kikundi chetu, vina njia yao nyingine. Vilianza mwaka 1991 huko Maradi, nchi ya Niger, shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa vijijini. Wengi wa akina mama wale ni Waislamu. Walichokijenga ni juu ya desturi yao ya kuchangiana, kama bibi zetu walivyocheza upatu kabla ya sisi kuzaliwa. Kutoka kule mtindo huu umeenea Afrika nzima, umefika hadi kwetu. Kwa hiyo tusijivune kwamba upendo wa jirani ni mali ya dhehebu letu. Mungu ameotesha mti mmoja katika mashamba mengi.

Mwaka 2016 UNESCO iliutambua utaratibu huu wa watu kuungana katika ushirika, kwa ombi la Ujerumani, kuwa urithi wa binadamu wote. Yaani kile kilichoanza kwa tanuri la mkate sasa kinahesabiwa pamoja na ngoma na sanaa za mataifa.

SASA TURUDI KWENYE KURA YETU

Kwa wale mnaotaka mfuko wa jamii ufutwe, naomba mkumbuke ule mfuko usiovunjwa wa Raiffeisen. Mfuko wetu ndio uliolipa nauli ya mwenzetu kwenda hospitali ya rufaa. Ndio ulionunua sanda na mchele pale msiba ulipoingia nyumba isiyo na kitu. Leo una afya, hisa zako ni nyingi, unaona mchango ule mdogo ni wa kuwabeba wengine. Lakini hakuna kati yetu aliyeandikiwa kuwa mbebaji siku zote. Na kumwambia mwenye njaa tutakuombea, wakati ufunguo wa sanduku unao mfukoni, hiyo Mtume Yakobo alishaikemea zamani.

Kwa wale mnaosema mjane asidaiwe, nawapenda kwa huruma yenu. Lakini kumbukeni mkate ule wa Weyerbusch. Fedha iliyomo sandukuni si ya matajiri. Ni ya muuza vitumbua, ni ya mama anayefua nguo za watu. Tukisamehe rejesho kwa maneno matamu, tunasamehe kwa mfuko wa maskini mwingine ambaye hatukumuuliza. Mjane akikwama, twende kwake, tumwongezee muda, tuketi naye tutazame biashara inakwama wapi, na chakula cha wiki hiyo kitoke mfuko wa jamii, ambao ndiyo kazi yake. Lakini jina lake libaki daftarini kama mwanachama anayeaminiwa. Tukilifuta deni lake kimyakimya, kesho tutaogopa kumkopesha tena, na hapo ndipo tutakuwa tumemfukuza kweli.

Ndiyo maana naona mifuko hii miwili haigombani. Ule wa mikopo unalinda heshima ya mtu, na ule wa jamii unalinda uhai wake. Ukiondoa mmoja, tutabaki ama duka la fedha ama chama cha sadaka, na vyote viwili vipo vingi mjini.

Sala zetu za kufungua mkutano tuendelee nazo. Mtu asiyepiga magoti hachelewi kuona fedha ya wenzake kama yake. Lakini sala ikiisha tufungue kufuli zote tatu mbele ya macho yetu sote, tuhesabu kwa sauti, tuandike. Hiyo nayo ni ibada.

Mkutano mkuu utaamua kwa kura. Ya kwangu ni moja tu kama ya kila mwanachama, hata yule aliyejiunga juzi na hisa moja. Nimesema niliyonayo moyoni, nanyi mje na yenu. Nawaomba kila mmoja afike mapema, na daftari lake la hisa mkononi.

Mungu awabariki, na aibariki miaka kumi ijayo.

Mimi mtumishi wenu,
Mwenyekiti wa Kikundi